Bwana Marijani na Ziwa la Mjakazi

Sehemu ya Tisa

"Ndoa hii ni haramu!"

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Hija Jumamosi iliyopita: kasimama katikati ya uwanja wa Bwana Marijani kule Mabibo, vumbi la njia ya Chamazi limemganda mpaka kwenye kope, na Shehe Shomari keshaushika mkono wa bwana harusi, bado kutamka tu. Wasomaji kadhaa mmeniandikia mkisema nina roho ya jiwe, kuwaacha roho juu wiki nzima. Jamani, mwenye roho ya jiwe ni Bwana Marijani. Mie mwandishi tu.

Na wewe uliyelipata gazeti hili leo limefungia vitumbua, sikiliza upesi. Mwaka ni 1923. Mwaka mmoja kabla yake Mwingereza alitangaza kwamba Tanganyika nzima hakuna tena mtumwa. Wazalia wa shamba la minazi la Bwana Marijani, watu waliozaliwa na watumwa wa baba yake, walipolisikia tangazo hawakungoja lirudiwe. Huyu bandarini, yule relini, mwingine Kariakoo kukaanga samaki. Nazi zikawa zinaanguka zenyewe na kuota chini ya minazi.

Ndipo Bwana Marijani alipopata akili yake kubwa. Kuwa na mtumwa kumekatazwa, lakini kuoa mke nani kakataza? Tayari alikuwa naye mmoja, Mwanakombo, aliyemwoa zamani za Mjerumani, na Mwanakombo huyo alifua nazi mia nne kwa siku bila kunung'unika. Akaongeza wawili, mabinti wa wazalia wasio na baba wala mjomba. Siku ya saba ya harusi kila mmoja alikabidhiwa kifuo chake, ule mti uliochongwa ncha na kuchimbiwa chini, wa kumenyea makumbi ya nazi, akaambiwa kazi ni hiyo.

Wa nne alikuwa Mwajabu, binti Bi Hija, miaka kumi na tisa. Bwana Marijani alimwambia maneno mafupi: ukubali, au nyumba ya mama yako naibomoa, na kaburi la baba yako lililo pembeni yake nalima mihogo. Mwajabu akalia siku tatu, akakubali. Mama mtu akatumwa Chamazi kuchukua mikeka ya harusi. Mikeka! Kana kwamba Mabibo hakuna ukindu.

Haya, sasa tuko pamoja.

"Nani kamrudisha huyu?" Bwana Marijani alifoka.

Alikuwa kavaa joho la marehemu baba yake. Mbele lilimeta nyuzi za dhahabu. Nyuma nondo walikuwa wamekula mpaka wakashiba, na ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa anasalimia watu huku akirudi kinyumenyume, asije akampa mtu mgongo. Shamba zima walijua, na hakuna aliyesema.

"Nimejirudisha mwenyewe, Bwana," alisema Bi Hija. "Miguu ninayo."

"Bi Hija," Shehe Shomari aliingilia, "ulilolisema si neno la mchezo. Haramu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu huyu ni kaka yake."

Uwanja ukavuma. Ni uani tu ambako hakuna aliyeacha kazi, maana wake watatu wa Bwana Marijani walikuwa wanafua nazi hata siku ya harusi ya mume wao. Puu! Puu! Puu! Harusi haisimamishi mbata, alikuwa amewaambia.

Bwana Marijani akacheka, cheko la kuwaalika wageni nao wacheke. Wawili wakacheka, wale waliokaa karibu na sufuria ya pilau.

"Kaka! Jamani, mwayasikia? Baba wa Mwajabu ni Feruzi, mkwezi wa minazi. Wangu mwamjua. Mie na huyo binti tumekutana wapi?"

"Hapa," Bi Hija akajipiga kifuani. "Mmekutana hapa. Mie ndiye niliyekunyonyesha."

Nyuma ya pazia la nyumba ya Bwana Marijani, Mwajabu alisogeza sikio. Hina ya miguuni ilikuwa haijakauka, na makubadhi mapya ya ngozi, zawadi ya bwana harusi, yalimbana vidole. Miaka kumi na tisa kalala kitanda kimoja na mama yake, na neno hilo hakuwahi kulisikia.

"Ulimnyonyesha muda gani?" Shehe aliuliza.

"Mwaka na miezi sita. Usiku na mchana."

"Na mbona hata mwanao hukumwambia?"

Bi Hija alijibu kwa sauti ileile, haikupanda.

"Siku aliyozaliwa Bwana huyu, mie nilikuwa na mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miezi miwili. Nikaambiwa mtoto wa Bwana kwanza. Akishiba huyo, ndipo wangu. Basi Bwana huyu alikuwa hashibi, Shehe. Mwanangu nilimzika hajaanza kutambaa. Hayo nimwambie Mwajabu ya nini? Nijisifu?"

Hakuna aliyecheka, hata wa karibu na sufuria. Mwajabu akauma upindo wa kanga yake kwa nguvu zote. Alikuwa na kaka, kumbe, na hakulijua hata jina lake.

"Hadithi za vibibi!" alisema Bwana Marijani. "Shehe, tuendelee, pilau linaungua."

Shehe Shomari alikuwa mtu wa kupenda pilau, siwaficheni. Shibe za nyumba ile zilikuwa zimemnenepesha mashavu, na hakuna aliyetegemea makubwa kutoka kwake. Lakini kitabu chake alikijua, na mtu anayekijua kitabu hupata kiburi fulani akiambiwa afanye haraka. Akauachia mkono wa bwana harusi.

"Pilau litangoja. Aliyenyonya ziwa la mwanamke hajatimiza miaka miwili, mara tano za kushiba, huyo ni mwanawe. Na watoto wote wa mwanamke huyo, waliotangulia na waliofuata, ni nduguze; haoi hata mmoja. Sasa sheria inataka nikuulize, Bi Hija. Je, unadai ujira wa kunyonyesha? Maana ukidai ujira, una faida na maneno yako, na ushahidi wako unaanguka."

Bi Hija alimtazama kama aliyeulizwa habari za mwezini. Kisha akaangua kicheko, kicheko kikavu cha kukohoa.

"Ujira? Shehe, mjakazi na ujira wapi na wapi? Sikupewa hata uji wa chumvi. Sidai kitu. Sikuwahi kudai."

"Basi wewe ni shahidi mmoja. Wanatakiwa wanawake wanne."

"Na miaka yote hii mbona alikaa kimya?" Bwana Marijani akaruka. "Leo ndio kakumbuka?"

"Sikukaa kimya, Bwana. Hii mara ya pili unanipeleka Chamazi. Mara ya kwanza ulikuwa unaoa vilevile. Niliporudi nikasema neno moja, nikala bakora ishirini kwa mkono wako huohuo uliompa Shehe."

"Nyamaza!"

Alipiga ukelele hata shingo ikamtutumka. Wageni wakadhani hasira. Mwajabu aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa uani alisikia kitu kingine: vifuo viwili viliendelea kulia, puu, puu. Cha tatu kilikuwa kimesimama.

Kutoka upande wa wanawake walijitokeza bibi wawili, pekupeku, kila mmoja kamshika mwenzake bega. Bi Tabu na Bi Zafarani, wajakazi wa zamani wa nyumba ile.

"Sie tulikuwepo," Bi Tabu alisema. "Tulikuwa tunamletea mtoto, akishamaliza tunamrudisha."

"Alikuwa anang'ata," Bi Zafarani aliongeza. "Bi Hija alikuwaga na alama."

"Watumwa!" Bwana Marijani alipaza sauti, akajiona kashinda. "Shehe, toka lini mtumwa akashuhudia juu ya bwana wake? Kitabu chako kinasemaje hapo?"

Shehe Shomari akajifuta jasho. Akafunga macho, akafungua.

"Kitabu kinasema neno zuri, Bwana Marijani, na ninashukuru umenikumbusha. Hebu niambie mwenyewe mbele ya watu. Hawa ni watumwa wako?"

"Wa baba yangu. Nimewarithi."

"Na Bi Hija?"

"Naye."

"Na Mwajabu aliyezaliwa na Bi Hija?"

Bwana Marijani alifungua kinywa, halafu akahisi pana shimo mahali fulani, ila hakuliona liko wapi.

"Maana," Shehe akaendelea kwa upole, "kama Mwajabu ni mtumwa wako, hapa hakuna ndoa. Mtu hafungi ndoa na mtumwa wake mwenyewe. Sote tule twende zetu, na habari za mtu kusema ana watumwa mwaka huu zitafika zitakakofika. Na kama ni huru, basi mama yake ni huru na hawa ni huru, na ushahidi wao naupokea. Chagua, bwana."

Nani alimwambia Bwana Marijani amfundishe shehe kitabu? Aligeuza macho kulia, akayageuza kushoto. Kwa taabu kubwa, kama mtu anayetapika mfupa, akasema:

"Huru."

"Sijasikia."

"Ni huru! Wote huru! Haya, umeridhika?"

Bi Zafarani akamminya Bi Tabu bega. Miaka sitini walikuwa wameishi kwenye shamba lile, Wajerumani wamekuja wakaenda, Waingereza wamekuja, na neno hilo ndio kwanza wanalisikia kwa mwenyewe. Bi Tabu akaanza kulia bila kuficha uso.

"Watatu," Shehe alihesabu. "Wa nne yuko wapi?"

Bibi wale wakatazamana.

"Wa nne alikuwa Bi Mgeni," Bi Hija alisema polepole. "Tumemzika mwezi wa Rajabu."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Loo! Bwana Marijani alivyochanua! Alivuta joho, akakaa vizuri, akanyoosha mkono tena.

"Basi kazi imekwisha. Watatu si wanne. Na binti mwenyewe kakubali. Mwajabu! Hebu waambie watu kama umekubali au hukukubali."

Aliposema hivyo alitupa jicho ng'ambo ya uwanja. Pale, mbele ya nyumba ya udongo ya Bi Hija, walisimama wanaume wawili wa kuazima, kila mmoja na jembe. Mwajabu aliwaona kupitia tundu la pazia. Akaliona na kaburi la baba yake, lile jiwe moja kichwani na jingine miguuni. Akamwona mama yake anatikisa kichwa, kataa, kataa, mwanangu. Mama mwenyewe ana miaka karibu sitini na magoti mabovu. Akikataa, leo wanalala wapi?

Na uani, pembeni ya vifuo vitatu, alikiona cha nne. Kilikuwa kimechimbiwa tangu juzi, ncha yake nyeupe, haijaguswa na nazi.

"Nimekubali," Mwajabu alisema.

"Umesikia, Shehe? Njoo ufunge."

Shehe Shomari aliinama, akaushika mkono ule kwa vidole viwili. Bi Hija akaketi palepale vumbini. Na hapo, wasomaji wangu, hapo kabisa, ndipo uliposikika mlio wa punda.

Alikuwa Bi Mwanabaraka, shangazi yake Marijani, dada wa marehemu baba yake, anatoka mjini na ukaya wake wa kujifunika kichwa na udi wake. Alikuwa kachelewa kwa makusudi, maana muungwana hangoji wengine. Zamani alibebwa kwa machela na vijana wanne. Vijana wenyewe sasa walikuwa makuli bandarini, na punda alikuwa wa muuza maji.

Punda akasimama. Bi Mwanabaraka akanyoosha mkono ili ashikwe ashushwe. Hakuna aliyekuja. Akaendelea kuunyoosha. Bi Hija na bibi wale wawili walimtazama, naye aliwatazama, na mwisho akateremka mwenyewe huku kiatu kimoja kikibaki kwenye kamba ya punda.

Bwana harusi hakumwona. Alikuwa ameona uso wa Shehe una wasiwasi, akataka kupiga msumari wa mwisho.

"Na ili mtu asije akabaki na shaka," Bwana Marijani alitangaza, mkono mmoja juu, "naapa mbele yenu. Wallahi, mama yangu mzazi ndiye aliyeninyonyesha. Kwa ziwa lake mwenyewe. Tangu siku niliyozaliwa mpaka nilipoacha!"

"NANI?"

Punda alishtuka. Watu wote wakageuka.

"Nani kanyonyesha?" Bi Mwanabaraka alikuja na kiatu kimoja, ukaya umekaa upande. "Wifi yangu? Wifi yangu anyonyeshe kama mbuzi? Marijani, una wazimu? Watu wazima wamekaa hapa, wewe unasimama kumtukana mama yako kaburini?"

"Shangazi, karibu, keti kwanza—"

"Siketi! Mama yako alikuwa na wajakazi kumi na sita! Siku ya saba tu alifungwa kifua kwa kitambaa cha marekani ili maziwa yakauke. Muungwana ananyonyesha? Ananyonyesha muungwana wa wapi, wa Ubungo porini? Sie nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyewahi kunyonya kwa mama yake, toka babu wa babu!"

"Shangazi, nakuomba—"

Shehe Shomari alikuwa keshauachia mkono mara ya pili. Aliuliza kwa adabu zote, kama mtu anayeuliza njia.

"Shikamoo, Bibi. Huyo aliyemnyonyesha Bwana Marijani alikuwa nani, kama wakumbuka?"

"Marahaba. Nakumbuka? Mie ndiye niliyemchagua! Si huyu Hija aliyejibwaga vumbini hapa? Tulisimamishiwa watano. Nikawakagua meno. Nikawakamua, nikaonja kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja. Hija ndiye aliyekuwa na maziwa mazito. Yule mwanawe mwenyewe alikuwa anapiga makelele, nikasema mtoeni, anamsumbua Bwana mdogo."

Alisema hivyo bila haya, kama anayesimulia namna alivyochagua kitambaa dukani. Bi Hija akafumba macho. Mwajabu, kule ndani, alisimama wima.

"Ulimwona akinyonya kwa macho yako?"

"Nilimwona kila siku."

"Mara tano za kushiba?"

"Mara tano kwa siku! Alikuwa mlafi huyu toka mdogo. Mtazameni tumbo."

"Alhamdulillahi," alisema Shehe Shomari. "Wametimia wanne."

Sikiliza vicheko sasa! Hata wa karibu na sufuria walicheka, tena hao ndio walioshika mbavu. Bwana Marijani akawa anahema kama aliyepanda mnazi.

"Shangazi! Umeniua!"

"Nimekutetea!" Bi Mwanabaraka alisema, hajui hili wala lile. "Ungebaki na aibu ya kunyonya kwa mama."

"Ndoa hakuna," Shehe alitamka. "Mwajabu ni dada yako. Humwoi leo, humwoi kesho. Na wewe, Bwana Marijani, umeapa yamini ya uongo mbele yetu; hiyo utatafuta mwenyewe pa kuipeleka."

Pazia likafunuliwa. Mwajabu akatoka, amevaa kanga zake mpya, kajifunika kichwa kama waungwana. Mama yake akajaribu kuinuka, magoti yakakataa, Mwajabu akamwinua. Wakashikana.

"Vua!" Bwana Marijani alibweka. "Vua makubadhi yangu! Toka lini mzalia akavaa viatu mbele ya bwana wake?"

Mwajabu aliinama, akavua kimoja, akavua cha pili. Akaviweka juu ya mkeka, vimepangwa sawasawa, mbele ya magoti ya Bwana Marijani. Kisha akapiga goti kidogo, kwa adabu.

"Shikamoo, kaka."

Uwanja mzima ukapiga kelele. Mtu alipiga kigelegele, naapa alikuwa Bi Zafarani.

"Chukua makubadhi yako, kaka. Yananibana."

Ghadhabu ikamtoa Bwana Marijani kwenye mkeka kama aliyekalia siafu. Akageuka kuwapigia kelele wale wenye majembe, na kwa kugeuka akawapa wageni wake wote mgongo. Sijui nisemeje. Matundu yalikuwa makubwa kuliko tulivyodhani. Kanzu ya ndani ilionekana, na kiraka cha kanzu, na kiraka cha kiraka.

"Bomoeni! Mnangoja nini? Ardhi yangu! Hawalali hapa leo, mama na mwana!"

Jembe la kwanza likapiga ukuta. Bonge la udongo likaanguka, fito zikabaki wazi, na kitanda cha Bi Hija kikaonekana kutoka uwanjani. Vicheko vikakatika. Jembe la pili likapiga karibu na dirisha.

"Bwana Marijani," Shehe alisema, "muogope Mungu."

"Kitabu chako hakisemi kitu juu ya ardhi yangu! Bomoa!"

Hilo lilikuwa kweli, na Shehe alilijua. Bi Hija alitazama nyumba yake inavyotobolewa, uso mkavu kabisa. "Iache, mwanangu," alisema. "Wewe umetoka. Tutalala kwa watu." Lakini Mwajabu alikuwa anatazama kaburi, kwa sababu mwenye jembe wa pili, katika kurudi nyuma, alikuwa amelikanyaga.

Ndipo Mwanakombo alipotoka uani.

Wengi walikuwa hawajamwona kwa miaka. Mke wa ndoa ya miaka kumi, mama wa mabinti wawili, mwembamba, makumbi yamemshika kwenye kanga. Mikononi alikuwa na nazi aliyoifua nusu, nyuzi zake zinaning'inia. Alipita mbele ya mumewe bila kumtazama, akasimama kwa Bi Hija.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, mwanangu."

"Mie mama yangu alikufa siku ileile aliyonizaa. Hilo nalijua, kila mtu kaniambia. Kitu kimoja ndio hakuna aliyewahi kuniambia." Akaikumbatia nazi kifuani. "Nilinyonya kwa nani?"

Bi Hija akaketi tena vumbini, akamtazama.

"Acheni majembe!" Ni Bwana Marijani huyo. "Acheni! Nimesema acheni, hamsikii?"

Wanaume wale wakaacha, wamechanganyikiwa. Bwana Marijani akaja mbiombio, akachuchumaa mbele ya Bi Hija, joho linafagia vumbi. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Alizungumza chini, lakini Mwajabu alikuwa amemshika mama yake mkono, akasikia kila neno.

"Mama," alisema.

Miaka arobaini hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Hija, alimwita wewe, mara nyingine alimpigia mluzi.

"Mama, nyumba nitaiziba leo hii. Na ardhi iliyo chini yake nakupa. Na minazi aliyopanda Feruzi, yote thelathini, nakupa, natamka mbele ya Shehe sasa hivi. Kaburi hatoligusa mtu. Wewe umechoka tu, mama, umetoka mbali, jua kali. Huyu Mwanakombo anauliza mambo ya zamani, na mambo ya zamani watu husahau. Umesahau. Sivyo?"

Bi Hija alimtazama yule mtoto aliyemnyonya mpaka mwanawe akafa. Akaitazama nyumba iliyotobolewa. Halafu akamgeukia Mwajabu.

"Mwanangu, nyumba ni yako baada yangu. Nimjibu nini huyu?"

Mwajabu aliona kitanda cha mama yake kupitia ukuta. Aliyaona mawe mawili ya kaburi. Minazi thelathini! Alijua kila mmoja. Baba yake alimfundisha kuihesabu. Neno moja tu la kusahau, na mama asingelala kwa watu maisha yake yote.

Kisha akaviona viganja vya Mwanakombo vilivyopasuka, vikaziba, vikapasuka tena. Nyuma yake, uani, kifuo cha nne kilikuwa bado kimesimama na ncha yake nyeupe.

"Mama," alisema Mwajabu, na hakushusha sauti, "kama mie nimeambiwa ukweli leo, na yeye aambiwe. Mjibu. Sema kwa nguvu, na shangazi naye asikie."

Bwana Marijani aliudaka mkono wa Bi Hija. Bi Hija akauchomoa taratibu, kama anavyochomoa mtu ziwa mdomoni mwa mtoto aliyeshiba. Akamwelekea Mwanakombo.

"Weka nazi hiyo chini, mwanangu," alisema. "Weka chini, uje ukae hapa."